Gari Linalopiga Magoti

Tarehe 4 Machi

Na wala siyo jeusi, baba! Sijui nani amekuambia ni jeusi. Ni rangi ya chai ya maziwa, ile ambayo maziwa yamezidi, na jua likilipiga ubavuni unaweza kujitazama ukajifunga kilemba. Nimekuwa nikikujibu kichwani tangu nilipofungua bahasha yako, ndiyo maana nimeanzia katikati. Ona sasa, nimetaja gari kabla ya salamu kama mtu asiye na mzazi. Shikamoo baba yangu. U mzima? Mgongo unasemaje? Unakula, au bado unakunywa chai na mkate mchana na jioni ukidhani sijui? Mimi ni mzima, na zaidi ya mzima, mimi nimeolewa! Wiki ya saba hii, na bado nikiamka namtazama mtu huyu aliyelala kando yangu nasema, jamani, ni wangu kweli, au nitaambiwa nimrudishe?

Sasa gari. Mume wangu amelipata kwa bwana mmoja aliyekuwa anahamia mbali, na kwa nusu ya bei. Nusu! Mtu anayeuza mapazia, baba, anaendesha gari ambalo wenye hoteli ndio huendesha. Viti ni vya ngozi na vina swichi ya kupasha joto makalio, sijui kwa ajili ya nani. Paa lina kioo. Jioni ya kwanza aliniambia niegemee kiti nitazame juu, akasema, "Anga lote hilo nimekununulia, lilikuja pamoja na gari." Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Lakini sijakueleza lililo zuri kupita yote. Tukilizima, linatoa pumzi, fyuuu, halafu linashuka mbele taratibu mpaka taa zinakaribia kugusa ardhi. Baba, linapiga magoti! Asubuhi ya kwanza nilipolikuta vile nilimwita mume wangu, akatoka na povu la mswaki mdomoni, akalitazama, akasema, "Limekutambua. Linamsalimu bibi yake." Nililia machozi, usinicheke. Ukiwasha linanguruma kidogo, kisha linainuka kama mtu aliyemaliza adabu zake.

Na hilo la macho. Umeliandika mwishoni kabisa kwa mstari mmoja, eti mganga wa zahanati amekupa barua uje hospitali kubwa ya macho huku mjini kwetu, na kwamba utapanda basi Alhamisi. Basi, baba? Mume wangu amesema baba mkwe wake hatakuja amebanwa dirishani na kreti za nyanya. Tutakufuata wenyewe Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Utakaa mbele, nimekushonea na mto. Naomba usipande basi.

Bahasha hii nampa kondakta wa basi la asubuhi kama kawaida. Karakana ilikula masikio yako, na simu kwako ni nzi ndani ya kopo, basi tuendelee na karatasi. Afadhali pia, maana kwenye karatasi naweza kumsifu mume wangu bila yeye kuvimba kichwa.

Mwanao mwenye furaha isiyo na breki,
Nati


Tarehe 9 Machi

Mwanangu Nati,

Marahaba, tena marahaba mbili, yako na ya mwenzio. Mgongo haujambo. Chai na mkate nimeacha, siku hizi ni mkate na chai.

Nimefurahi kwa kuwa umefurahi. Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani ukiokota nati chini ya magari ya watu mpaka ukapata jina. Gari halipigi magoti kwa heshima. Linapiga magoti kwa maradhi. Gari la namna hiyo halina springi za chuma kama malori yangu, limekalia mifuko ya hewa. Mifuko ikizeeka inapata nyufa, na gari likisimama hewa inatoka pole pole. Ule mngurumo wa asubuhi ni pampu inaijaza upya. Pampu hiyo iliundwa kufanya kazi kidogo na kupumzika, nyinyi mnaifanyisha kazi ya kuli. Mwambie mkwe wangu, kwa upole, akiwa ameshiba: msiliendeshe likiwa limeinama, na mbadilishe mifuko yote miwili ya mbele. Mfuko ni kama kiatu, hakuna anayenunua kimoja.

Msidhani nina wivu. Zuri ni zuri. Lakini gari kuukuu la tajiri linakula kama bado liko kwa tajiri. Na likiuzwa nusu bei, ile nusu nyingine iko njiani inawafuata.

Macho. Mganga anasema ni presha ya macho. Hayaumi. Mbele naona sawa, pembeni ndiko kumefungwa, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la egzosi. Kwenye barua ameandika kwa wino mwekundu nifike kabla Aprili haijaisha, na chini yake amepiga mistari miwili. Nilikwisha kukata shauri la Alhamisi. Lakini mkwe ametoa neno, na mkwe akitoa neno baba mkwe hapandi basi, ataonekana hakuliamini. Nitawasubiri.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba kile chakula ulichotuandalia Jumamosi ulikila wewe na jirani, maana sisi hatukufika.

Tulitoka, baba. Naapa tulitoka. Mume wangu alivaa shati lake la harusi na mto wako ulikuwa tayari kitini. Tulipofika kwenye mlima wa machimbo ya kokoto kengele ikalia, taa zote za dashibodi zikawaka, njano na nyekundu, kama duka la mapambo, na gari likashuka likakaa. Likakaa kabisa, kama kuku anayetaga. Fundi mmoja wa kando ya barabara akainama, akachungulia, akasema, "Hili halivutwi. Hili linabebwa." Lori la kulibeba lilifika saa tisa mchana.

Na nikuambie siri? Nilikuwa na furaha. Tulikula machungwa tuliyokuwekea wewe. Mvua ilinyesha juu ya lile paa la kioo, tone moja likapenya likamdondokea yeye utosini, nikamwambia hata paa linamjua mwenye deni. Akanishika mkono mpaka lori likaja. Mtu akikupenda, baba, hata kuharibikiwa njiani ni matembezi.

Maneno yako ya mifuko nilimsomea. Nilingoja ashibe kama ulivyoagiza. Akasema, "Baba ni fundi wa malori, mke wangu. Hili ni gari la kompyuta." Usimkasirikie. Ni aibu tu inayosema. Wamebadilisha mfuko mmoja, wa kulia, ndio uliokuwa umepasuka, na bei yake peke yake ni mapazia ya hoteli nzima. Wa kushoto fundi wa hapa anasema bado una siku zake.

Kwa hiyo sasa ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Najua ungeweza kuja peke yako. Lakini ameshawaambia wenye maduka wote wa mtaa wetu kwamba anakwenda kumchukua baba mkwe. Ukionekana unatoka stendi na mfuko kwapani watamcheka mwaka mzima. Nifanyie hilo, baba. Wiki nne tu. Wiki nne ni nini?

Mwanao,
Nati


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu Nati,

Marahaba. Mimi mzima, na chakula tulikula, mimi na Mama Cherehani, jirani yetu fundi wa nguo. Amesema mkwe wangu aharibikiwe kila Jumamosi.

Sijakasirika. Mtu akiitwa fundi wa malori hajatukanwa. Lakini mfuko mpya upande mmoja na mzee upande wa pili, pampu haitajua imsikilize nani. Itakimbia kutwa nzima. Itaungua. Naandika leo tarehe 11, hifadhini barua.

Usishangae mistari yangu ikipanda kama barabara ya mlimani. Ukurasa naanza kuuona kipande kipande. Jana nilimsalimu mtu vizuri sana, nikamuuliza na habari za watoto, kumbe ni nguzo ya umeme. Mama Cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano.

Mfuko wangu wa safari nimeshaufunga, uko mlangoni. Mmesema mwisho wa Aprili, na mganga naye alisema mwisho wa Aprili, basi mmeafikiana bila kukutana. Nipo.

Baba yako


Tarehe 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Afya yako? Macho? Naona haya hata kuuliza, baada ya kukaa kimya hivi. Nilitaka nikiandika niwe na tarehe mkononi, na kila nilipoipata iliniponyoka.

Pampu iliungua tarehe 23 Aprili. Siku kumi na mbili baada ya barua yako. Barua yako niliiweka chini ya godoro mume wangu asije akaiona, kana kwamba wewe ndiye uliyeiunguza. Wakaleta pampu nyingine. Gari likainuka, tukashangilia, tukalizungusha mtaa mzima, na kesho yake giabox ikaanza kupiga teke. Fundi akachomeka mashine yake ya kusoma makosa, akasema makosa ni kumi na tisa. Kumi na tisa, baba! Hata mimi na mume wangu tukikaa chini kutafutana makosa hatufiki huko.

Tairi moja la gari hili ni kodi ya nyumba ya mwezi. Bima yake ni ya thamani ya gari lilipokuwa jipya. Kabati ulilonipa siku ya harusi tumeliuza. Nguo zetu nimezikunja ndani ya maboksi ya mapazia, nimeyapanga kwa rangi, yanapendeza kuliko unavyofikiri, ukija utaona.

Juzi narudi kutoka kazini, pale dukani kwa fotokopi, nikamkuta amekaa ndani ya gari, limezimwa, mikono kwenye usukani. Nikaingia nikakaa kando yake. Akasema, "Nilitoa neno nitamleta baba yako." Nikamwambia, "Utamleta." Tukakaa hivyo, tumefunga na mikanda. Nampenda, baba. Zamani nilidhani kumpenda mtu ni kufurahi naye tu.

Sasa ninayo tarehe, na hii ni ya kweli. Gari linatoka gereji wiki ijayo. Jumamosi tarehe 14 Juni tupo kwako. Ule mwezi wa wino mwekundu umepita, najua, lakini si ulisema hayaumi? Hospitali haihami.

Mwanao,
Nati


Tarehe 5 Juni

Nati,

Marahaba. Mimi mzima.

Naandika kwa herufi kubwa ili nione ninachoandika. Ndiyo maana kurasa tatu zina maneno ya nusu ukurasa.

Mwambie asikate tamaa. Kila fundi amewahi kununua gari bovu, mimi mawili.

Hayaumi. Ndilo baya lake, hayaumi.

Tarehe 14 nitakaa barazani tangu asubuhi. Gari zito likiingia mtaani kwetu sakafu inatetemeka, nitawajua kwa miguu.

Baba


Tarehe 18 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini. Ulikaa barazani mpaka saa ngapi?

Safari hii tulipita mlima wa machimbo. Tuliupita tukiimba. Tulipita mji wa pili, tukapita kituo cha mizani, nikahesabu, saa mbili tu zimebaki. Nikaanza kufikiria nitashukaje, mguu gani kwanza. Tukafika daraja refu, na katikati ya daraja giabox ikaachia. Injini inanguruma, gari haliendi. Tukalisukuma mpaka ng'ambo, mimi na yeye na wanaume wawili wauza mkaa, na mmoja akauliza, "Bosi, gari zuri hivi mnalisukuma kwa mazoezi?" Mume wangu akacheka pamoja nao. Nilimwona anavyocheka, nikageuka kando.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningeweza kulificha. Tukiwa pale, basi la kwenu lilipita. Limeandikwa jina la mji wenu kwa herufi nyekundu kwenye kioo, na lilikuwa na nafasi, niliona viti. Nusu saa baadaye likapita la pili. La tatu lilipunguza mwendo kabisa, kondakta ni yule yule anayebeba barua zetu, akatoa kichwa, "Dada, unakwenda kwa mzee? Panda!" Nikainua mguu, baba. Mume wangu hakunizuia. Aliniuliza tu, pole pole, "Na mimi unaniacha hapa na nani?"

Nikaushusha.

Nilidhani nachagua siku moja. Nilijiambia, baba yuko palepale, amezoea kungoja, na huyu hana mtu mwingine hapa darajani. Nikawa mke kuliko mtoto. Tukarudi tumekaa ndani ya lori la kubebea magari, gari likiwa mgongoni mwetu.

Barua yako ya herufi kubwa sikumwonyesha. Niliona angejisikia vibaya. Nilimwambia umesema msijali, njooni mtakapoweza. Baba, macho yako yamefika wapi? Niambie kweli. Usinifanyie mzaha wa nguzo ya umeme.

Mwanao,
Nati


Tarehe 4 Agosti

Mwanangu Nati,

Marahaba kwa salamu zako. Anayeandika ni mimi, Mama Cherehani, jirani. Baba yako anasema, mimi naandika. Ukikuta kosa ni langu, ukikuta ubishi ni wake. Barua yako ya mwezi wa sita nilimsomea mimi, sikioni, la kushoto ndilo linalosikia kidogo, na kwa kuwa ilibidi nipige kelele, mtaa mzima sasa unajua habari za daraja. Utusamehe. Sasa anasema yeye.

Nati, uliniomba kweli. Jicho la kulia limezima. La kushoto linajua kuna dirisha, lakini halijui kuna nini dirishani. Sikukujibu kwa sababu kalamu niliiweka mezani siku moja na sikuiona tena, na kumtuma mtu mwingine kukuandikia nilionea haya.

Hospitali nimefika. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuja mjini kwenu, mimi na Mama Cherehani, kwa basi. Daktari ni binti mdogo, mkono wake mwepesi. Alimwambia Mama Cherehani aniambie kwamba ugonjwa huu haurudishi ulichochukua, unaweza tu kuzuiwa usichukue zaidi, na kwangu hakuna kilichobaki cha kuzuia. Akauliza mbona barua ni ya Februari. Nikamwambia nilikuwa nasubiri usafiri.

Anasema niandike hivi: usifikiri sikujua. Tangu barua yako ya kwanza nilijua gari lile halitafika. Fundi alijua. Baba ndiye aliyekaa barazani. Na barua zako zote, Nati, zilikuja kwa basi, na hakuna hata moja iliyochelewa. Hilo nalifikiria sana siku hizi, nina muda.

Tulipita nyumbani kwenu jioni ile. Mama Cherehani aliuliza njia mpaka akauona mtaa. Aliniambia gari lipo nje, rangi ya chai, limewekwa juu ya matofali, matairi hayapo. Nikamwambia tukapige hodi. Tukafika mlangoni, akainua mkono agonge, halafu akaushusha, akanivuta pembeni wasitusikie, akanisemea sikioni, "Mwanao anacheka humo ndani."

Nikamuuliza, anacheka vipi?

Akasema, "Anacheka kweli kweli."

Nikamwambia basi, twende zetu. Tulilala stendi kwenye mabenchi, asubuhi tukarudi. Sikutaka mkwe anikute mlangoni nimeshikwa mkono, nimeshuka kwenye basi, baada ya taabu yote aliyoipata ili nisipande.

Sasa najua utataka kuruka usiku huu huu. Nakuomba, usije leo. Nipe wiki mbili nijifunze nyumba. Mpaka sasa nimejua kutoka kitandani hadi mlangoni, na nimejua mtungi uko wapi kwa kuupiga teke. Sitaki unikute napapasa kuta. Nikijua nyumba yangu, njoo.

Mimi Mama Cherehani naongeza la kwangu bila ruhusa yake: anakula, lakini haongei.

Baba yako


Tarehe 7 Agosti

Mama Cherehani, shikamoo. Nakuomba umsomee baba haya, sikio la kushoto, kwa sauti yako yote. Nimezoea kumwandikia mambo yangu ya siri. Leo sina siri, mtaa na usikie.

Baba, shikamoo. Habari ya afya sikuulizi, kwa mara ya kwanza umenieleza yote.

Nimejaribu kukumbuka Jumatatu ile nilikuwa nacheka nini. Nimekaa chini nikairudisha siku nzima, nilivyotoka dukani, nilivyopika. Nimemuuliza mume wangu, naye hakumbuki. Labda alimwigiza mteja, huwa anawaigiza. Ulikuwa umesimama nyuma ya ubao wa mlango, unene wa vidole viwili, na mimi nacheka kitu ambacho hata sikikumbuki.

Barua yako aliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Nikamletea na zile nyingine zote, ya chini ya godoro, ya herufi kubwa. Nimekuwa nikimpunguzia maneno yako tangu Machi, kama mtu anayepunguza chumvi, na wewe nikikuongezea sukari. Kati yenu nyinyi wawili hakuna aliyejua la mwenzake, na aliyekuwa katikati ni mimi. Mnaniita mtoto mzuri, mke mzuri. Baba, ningesema tu, panda basi. Maneno mawili.

Alipomaliza kusoma alisema, "Mimi nilitaka aje kwa heshima." Nikamwambia, "Baba alitaka kufika." Hatukugombana. Tungegombana ingekuwa nafuu. Kesho yake akamwita mtu wa spea, akamwambia alichukue gari kwa bei yoyote. Walilifungua vipande vipande. Sikutoka kutazama.

Umesema nisije leo, na nimekutii, lakini ujue ni kazi. Kila asubuhi nikienda dukani napita stendi, basi la kwenu limewasha injini, na yule kondakta siku hizi hanisemeshi, ananyoosha tu mkono kupokea bahasha. Leo atanyoosha mkono na mimi nitampa hii.

Jifunze nyumba, baba. Jifunze mlango na mtungi na kona ya meza. Lakini usijifunze yote, niachie mengine nikuonyeshe mimi. Na usione haya nikukute unapapasa. Humu ndani na sisi tunapapasa, mimi na mume wangu, tunapishana kimya tukiogopa kugongana.

Tiketi ni mbili, viti vya mbele, tumeshalipa. Yeye amesema atakaa barazani kwako mpaka umwite mwenyewe, hata kama hutamwita siku hiyo. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Mama Cherehani, hapo pa mwisho msomee mara mbili. Kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao,
Nati